Shusha mara moja, sasisha mashine zote: kache ya apt kwa maabara na ofisi ndogo

Hesabu ni hii. Maabara ya shule pale Moshi ina mashine 20 za mtumba, zote zina Linux Mint 22, zote zinavuta intaneti kwenye ruta moja ya laini ya simu. Tuseme masasisho yaliyolimbikana ni MB 400 kwa kila mashine. Hizo ni MB 8,000, yaani GB 8, za faili zilezile zilizoshushwa mara ishirini. Bando linakata roho kabla hujafika mashine ya kumi. Ukiweka kache, yaani ghala la ndani linalohifadhi faili zilizokwisha kushushwa, MB 400 zinaingia mara moja tu kutoka nje, na mashine 19 zilizobaki zinachota ndani kwa ndani kupitia swichi, bando halijui kitu.

Haja hii imeongezeka tangu Microsoft ilipositisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, maana CPU nyingi za zamani zisizokubali Windows 11 bado ni nzima kabisa zikiwekewa Linux. Maelezo haya ni ya familia ya Debian: Debian yenyewe, Ubuntu, Mint, ambazo huweka na kusasisha programu kwa apt. Programu ni `apt-cacher-ng`.

Usishawishike kunakili hazina nzima ya Ubuntu (ghala la mtandaoni la pakeji zake zote) kwenye diski yako. Hiyo ni mamia ya gigabaiti, na nyingi ni pakeji ambazo hakuna mtu atakayezigusa maabara kwako. Kache huweka kile tu ambacho mashine moja imekwisha kukiomba.

Mashine ya kuwa seva

Haihitaji kuwa ya maana. Core 2 Duo yenye RAM ya GB 2 inatosha na kubaki. Kinachotakiwa ni diski yenye nafasi: tenga GB 40, na ukiweza weka SSD ya GB 120, kwa sababu diski za kuzunguka kwenye kompyuta za mtumba ndizo hufa kwanza, na vumbi la Arusha la kiangazi haliwahurumii mafeni wala diski. Iinue kutoka sakafuni.

Iunganishe kwa kebo, si kwa Wi-Fi. Swichi ya Mbps 100 hupitisha takriban MB 11 kwa sekunde, kwa hiyo zile GB 8 za maabara nzima zinagawiwa kwa kama dakika 12. Kwa Wi-Fi ya ruta ndogo, mashine 20 zikigombea, utakaa hapo hadi kengele ya chakula.

Halafu ipe anwani ya IP isiyobadilika. Njia safi ni kuingia kwenye ruta na kuifungia anwani kwa MAC (namba ya utambulisho) ya kadi yake ya mtandao. Hapa tutatumia 192.168.1.10. Kumbuka jambo moja: ukibadilisha ruta, huenda mtandao mzima ukabadilika. Ruta nyingi za Huawei za laini ya simu huja na 192.168.8.1, za TP-Link huja na 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Ruta mpya ikishafika, ingia uirekebishe ifuate namba za zamani, vinginevyo mashine zote zitalalamika `Could not connect to 192.168.1.10:3142` na utazunguka dawati kwa dawati.

Kuweka programu

Kwenye seva:

```
sudo apt update
sudo apt install apt-cacher-ng
```

Wakati wa kuweka itakuuliza kama iruhusu njia za HTTP kupita ndani yake. Jibu ni hapana. Sababu utaiona mbele kidogo. Ikimaliza inaanza yenyewe, inasikiliza poti 3142, faili inazihifadhi `/var/cache/apt-cacher-ng`, na mipangilio iko `/etc/apt-cacher-ng/acng.conf`. Kwa maabara ya kawaida huna haja ya kubadilisha kitu humo ndani.

Kama umewasha ngome ya ufw, fungulia mtandao wa ndani peke yake:

```
sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any port 3142 proto tcp
```

Sasa fungua kivinjari kwenye mashine nyingine na uandike `http://192.168.1.10:3142/acng-report.html`. Ukurasa ukifunguka, seva iko hai na inaonekana. Usipofunguka ilhali kwenye seva yenyewe unafunguka, mkosaji wa kwanza ni ruta: ruta nyingi za mfukoni zina mpangilio wa kuzitenga mashine za Wi-Fi zisionane. Uzime.

Kuzielekeza mashine

Kwenye kila mashine, pamoja na seva yenyewe, amri moja tu:

```
echo 'Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";' | sudo tee /etc/apt/apt.conf.d/01proxy
```

Alama za nukuu ziwe zilezile zilizonyooka, na nukta-mkato ya mwisho isisahaulike. Ukiitumia mstari huu kwa WhatsApp na mwenzako akaunakili kutoka kwenye simu, mara nyingine simu huwa imekwishazipinda nukuu, na apt haizitambui hizo. Nukta-mkato ikikosekana utaona `Syntax error ... Extra junk at end of file`, na hapo apt nzima imegoma, hata kuweka programu huwezi mpaka uirekebishe faili hiyo.

Kabla ya kuanza kushusha, hakikisha mashine zote zinaomba kutoka mahali pamoja. Kwenye Mint fungua faili `/etc/apt/sources.list.d/official-package-repositories.list`, kwenye Ubuntu 24.04 ni `/etc/apt/sources.list.d/ubuntu.sources`. Mashine moja ikiwa inachota `archive.ubuntu.com` na nyingine kioo (seva yenye nakala ya hazina) cha nchi fulani, kache inaweza kuziona kuwa faili mbili tofauti na kushusha mara mbili. Programu inavifahamu vioo vingi vya Ubuntu na Debian na huviunganisha yenyewe, lakini vioo vya Mint ambavyo watu hujichagulia kwenye dirisha la vyanzo ni vingi na vingine ni vya https. Chagua kimoja cha http, kiweke kote.

Usiogope http hapo. Pakeji na orodha zake zinalindwa kwa sahihi ya kidijitali ya GPG, na kila mashine huikagua sahihi hiyo yenyewe. Mtu akichezea faili njiani, au hata ndani ya seva yako, apt itaikataa.

Habari njema kwa ofisi yenye mchanganyiko: Mint 22 imejengwa juu ya Ubuntu 24.04, hivyo pakeji za msingi ni zilezile. Mashine ya Ubuntu ikishashusha kernel, ile ya Mint inaikuta tayari. Debian ni ukoo mwingine, haichangii nao. Na mashine ya biti 32 haichangii na ya biti 64.

Anza na mashine moja

Sasisha moja kwanza mpaka mwisho:

```
sudo apt update
sudo apt full-upgrade
```

Halafu nenda ya pili. Hapo ndipo ushahidi: ile ya kwanza ilisubiri intaneti, ya pili inakimbia kwa kasi ya kebo. Ukitaka kuona kwa macho, weka `UnbufferLogs: 1` kwenye acng.conf, washa upya kwa `sudo systemctl restart apt-cacher-ng`, kisha:

```
sudo tail -f /var/log/apt-cacher-ng/apt-cacher.log
```

Mstari wenye `|I|` ni kilichoingia kutoka nje, wenye `|O|` ni kilichotoka kwenda kwa mashine, na ukubwa kwa baiti unafuata. Mashine ya pili inatakiwa itoe O tupu, na I chache za orodha ndogondogo. Ukiona I kubwa za .deb zinajirudia, kuna mashine inatumia kioo tofauti. Bila huo mpangilio wa UnbufferLogs logi huandikwa kwa kuchelewa, na watu wengi huhitimisha kwamba kache haifanyi kazi ilhali inafanya.

Kama una mashine ambayo tayari ilishashusha vitu vingi, usivitupe. Angalia `/var/cache/apt/archives`. Ukikuta .deb humo, zinakili kwenda `/var/cache/apt-cacher-ng/_import` kwenye seva (tengeneza folda hiyo kama haipo, iwe mali ya mtumiaji apt-cacher-ng), fanya `apt update` mara moja kupitia kache ili orodha ziwepo, kisha kwenye ule ukurasa wa ripoti bonyeza Start Import. Ukikuta folda tupu usishangae: amri ya `apt` hufuta .deb baada ya kuziweka, `apt-get` ndiyo huziacha.

Vinavyopita mlango wa nyuma

Hapa ndipo bando huliwa kimyakimya na watu wakailaumu kache. Kache hii inashika apt ya http tu. Kila kingine kinapita pembeni.

Kwanza ni hazina za https. Usipoweka mpangilio wa peke yake wa https, apt huzipeleka nazo kwenye proksi, yaani seva yako ya kache, na kwa kuwa ulijibu hapana wakati wa kuweka, inazikataa: `403 CONNECT denied`. Ushauri unaosambazwa zaidi ni kuongeza mstari wa `Acquire::https::Proxy "DIRECT";`. Kosa litaondoka, ni kweli, lakini maana yake umewaruhusu mashine 20 wakashushe Chrome kila mmoja kivyake, na Chrome moja inazidi MB 100. Kwa mashine za maabara afadhali kosa lionekane. Dawa ni kubadilisha mwanzo wa anwani kwenye faili ya chanzo: `https://dl.google.com/...` iwe `http://HTTPS///dl.google.com/...`, mikwaju mitatu baada ya HTTPS, vingine vyote vibaki. Mashine itaongea http na seva yako, seva itaongea https na nje, na faili itahifadhiwa. Chrome ina ujeuri wake: inaweza kuiandika upya faili yake ya chanzo ikijisasisha, kwa hiyo irudie kuiangalia. Kwenye maabara ya wanafunzi, Firefox ya Mint inayokuja kwa .deb inakuondolea balaa hili lote.

Pili ni snap, mfumo mwingine wa kuweka programu, kwa wenye Ubuntu. Firefox tangu 22.04 ni snap, na kwenye 24.04 Thunderbird nayo. Snap haiijui apt wala kache yako, na hujisasisha yenyewe bila kubisha hodi. Izuie kwanza kwenye kila mashine:

```
sudo snap refresh --hold
```

Halafu ukiwa tayari, shusha kwenye mashine moja na ugawe kwa mtandao wa ndani:

```
snap download firefox
python3 -m http.server 8000
```

Utapata faili mbili, .snap na .assert. Kwenye mashine nyingine zichukue kwa kivinjari kutoka poti 8000, kisha:

```
sudo snap ack firefox_NNNN.assert
sudo snap install firefox_NNNN.snap
```

Badala ya NNNN weka namba uliyoipata. Ona kwa `snap list` ni misingi gani inayotegemewa, kama vile core22, nayo uishushe vivyo hivyo, la sivyo snap itaifuata nje.

Flatpak, mfumo mwingine wa namna hiyo, nayo haipiti kwenye kache. Zuia, au usiitumie maabara.

Laptopu zinazotoka

Laptopu ya ofisi ya utalii leo iko Njiro, kesho iko Karatu na mgeni. Ukiiwekea 01proxy ya kudumu, ikitoka nje ya ofisi haisasishi. Kwa hizo tu, futa 01proxy na uweke hati ndogo `/usr/local/bin/tafuta-kache`:

```
#!/bin/sh
if nc -z -w1 192.168.1.10 3142; then
  echo http://192.168.1.10:3142
else
  echo DIRECT
fi
```

Ipe ruhusa kwa `sudo chmod 755 /usr/local/bin/tafuta-kache`, kisha kwenye `/etc/apt/apt.conf.d/02tafuta` andika:

```
Acquire::http::Proxy-Auto-Detect "/usr/local/bin/tafuta-kache";
```

Usiiweke hii kwenye mashine zisizotoka. Siku seva ikizimika, zote zitageukia nje bila kusema neno, na utajua kwa ujumbe wa bando kuisha.

Inapokwama

Kosa linalochanganya watu kuliko yote ni hili: `Clearsigned file isn't valid, got 'NOSPLIT'`. Bando limeisha katikati ya kazi. Mtandao wa simu, badala ya kukata, ukamrudishia aliyeomba ukurasa wa kumwambia anunue salio. Kache haijui kusoma. Iliomba orodha, ikaletewa ukurasa, ikaweza kuuhifadhi kwa jina la orodha. Sasa hata ukinunua bando jipya, mashine zinaendelea kupewa ukurasa wa salio. Kwenye seva:

```
sudo find /var/cache/apt-cacher-ng -name 'InRelease*' -delete
```

na kwenye mashine zilizoathirika:

```
sudo rm -rf /var/lib/apt/lists/*
sudo apt update
```

Ndugu yake ni `Hash Sum mismatch` au `File has unexpected size` kwenye .deb moja. Tafuta .deb hiyo kwa jina ndani ya kache, uifute, uombe tena.

La pili kwa kujirudia ni `Release file ... is not valid yet`. Hili halina uhusiano na kache. Betri ya saa kwenye ubao imekufa, mashine inaamka ikidhani ni miaka kadhaa nyuma, na apt inakataa orodha iliyotoka "kesho". Weka betri ya CR2032, volti 3, duka lolote la saa wanayo. Kwa dharura rekebisha saa kwa `sudo date -s "2026-02-10 09:30"`, ukiweka tarehe na saa ya siku hiyo. Kwenye mashine za mtumba kagua hili kabla ya kitu kingine chochote.

`Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend` ni Ubuntu inayojisasisha nyuma ya pazia, hasa asubuhi baada ya kuwashwa. Subiri. Usizime mashine na usifute faili ya kufuli. Ukikatiza dpkg katikati utahitaji `sudo dpkg --configure -a`, na umeme ukikatika katikati ni hivyohivyo.

Diski ikijaa, sababu karibu siku zote ni kwamba usafi haujafanyika. Kazi ya kufuta pakeji zilizopitwa na wakati imo `/etc/cron.daily`, ambayo kwa kawaida hukimbia alfajiri saa kumi na mbili na dakika 25. Seva inayozimwa jioni shule ikifungwa inapitwa na saa hiyo kila siku. Weka `anacron`, itaifanya mashine ikiwashwa. Au mara moja kwa mwezi bonyeza Start Scan and/or Expiration kwenye ukurasa wa ripoti.

Kupeleka masasisho kusiko na intaneti

Shule ya Rombo au Longido isiyo na mtandao wa maana inaweza kusasishwa kwa kuibeba seva. Tumia laptopu kama seva. Chukua CPU moja ya maabara hiyo, ilete mjini, isasishe kupitia laptopu; hivyo kache inapata zile pakeji hasa ambazo mashine za kule zinazo. Kuijaza kwa laptopu yako mwenyewe tu hakutoshi, kwa sababu orodha ya programu zako si yao, na pakeji ikikosekana kule hakuna pa kuipata.

Kabla ya kuondoka weka kwenye acng.conf:

```
Offlinemode: 1
```

uiwashe upya. Beba swichi, kebo, na ruta yoyote ndogo hata isiyo na laini, kazi yake ni kugawa anwani tu. Ifungie laptopu 192.168.1.10. Mashine hazihitaji DNS, kwa sababu anwani za nje zinashughulikiwa na proksi. Ukifika, kagua saa za mashine kwanza, kisha endesha apt kwa terminali, mashine moja baada ya nyingine.

Kwa Debian kuna tofauti: orodha zake za usalama zina tarehe ya kuisha, takriban wiki moja. Safari ikichelewa utapata `Release file ... is expired`, na hapo ongeza:

```
sudo apt -o Acquire::Check-Valid-Until=false update
```

Ukirudi mjini rudisha `Offlinemode: 0`, maana ukisahau, siku inayofuata kila pakeji mpya itajibiwa kwa kosa la 503.